Dawa Iliyoanzia Kwenye Kiungo cha Mgonjwa

Baridi yabisi ni ugonjwa ambao mpaka leo daktari hawezi kumwambia mgonjwa wake kwa hakika umetokana na nini. Papo hapo, ni miongoni mwa magonjwa sugu ambayo tiba yake imepiga hatua ndefu kuliko mengi katika miaka thelathini na kitu iliyopita. Mambo haya mawili hayakai pamoja kirahisi kichwani. Tumezoea kuamini kwamba tiba ya kweli hungoja chanzo kijulikane: malaria ina kimelea chake, kipindupindu kina bakteria wake, na kabla ya kuvijua hivyo ni kubahatisha tu. Kazi ya watafiti wawili wa London, Marc Feldmann na Ravinder Maini, inaonyesha njia nyingine. Hawakugundua chanzo cha baridi yabisi. Walichukua nyama iliyovimba kutoka ndani ya viungo vya wagonjwa, wakaiuliza swali moja linalojibika, na jibu likazaa kundi la dawa ambalo limeshatumiwa na mamilioni ya watu. Hoja yangu ni kwamba nguvu ya kazi hiyo na mipaka yake vinatoka mahali pamoja: ilianzia kwa mgonjwa fulani, kwenye tishu fulani. Anayeiga dawa bila kuiga utaratibu huo ataambulia nusu ya faida, na katika nchi zetu za Afrika Mashariki anaweza kuambulia na madhara juu yake.

Tuelewane kwanza kuhusu ugonjwa wenyewe. Mitaani karibu kila maumivu ya viungo huitwa baridi yabisi, yakiwemo yale ya magoti yaliyochakaa kwa umri na mizigo. Ninaozungumzia hapa ni ule wa kinga ya mwili kumgeuka mwenyewe. Katika nchi ulikopimwa vizuri huwapata takriban mtu mzima mmoja kati ya 100 hadi 200, na wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Mara nyingi huanzia kwenye vifundo vya vidole, mikono yote miwili kwa pamoja. Ndani ya kiungo kuna utando mwembamba ambao kazi yake ni kutoa ute wa kulainisha. Kwa mgonjwa, utando huo hujaa seli za kinga, huota mishipa mipya ya damu, hunenepa, kisha hutambaa juu ya gegedu na kuitafuna hadi kwenye mfupa. Asubuhi mikono inakuwa imekakamaa kwa saa nzima au zaidi. Kufunga kifungo cha shati ni kazi, kukamua nguo ndiyo haiwezekani kabisa. Usipotibiwa, vidole hupinda kuelekea upande wa kidole cha mwisho na havirudi tena. Wala balaa haliishii kwenye viungo, kwani mapafu na macho huweza kudhurika, na hatari ya ugonjwa wa moyo hupanda. Mfaransa Augustin Landré-Beauvais aliueleza katika tasnifu yake ya mwaka 1800, na Mwingereza Alfred Garrod akautenga na jongo katikati ya karne ya 19. Tangu hapo watu wametafuta chanzo bila kukoma.

Ukiangalia dawa zilizopatikana katika safari hiyo, utaona kwamba hakuna hata moja iliyotokana na kukijua chanzo. Jacques Forestier wa Ufaransa alianza kuwadunga wagonjwa chumvi za dhahabu mwishoni mwa miaka ya 1920 akidhani ugonjwa unafanana na kifua kikuu. Alikosea, lakini baadhi ya wagonjwa walipata nafuu. Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, aliona kwamba wagonjwa wake wakipata umanjano unaotokana na ugonjwa wa ini, au mwanamke akishika mimba, viungo hutulia kwa muda. Akahisi mwilini mna kitu kinachotuliza. Mwaka 1948 yeye na wenzake walimdunga mgonjwa kotisoni, na ndani ya siku chache mwanamke aliyekuwa hajiwezi kitandani akawa anatembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel. Furaha haikudumu, kwa sababu kotisoni kwa dozi kubwa na muda mrefu hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na kufungulia mlango maambukizi. Methotrexate nayo ilikuwa dawa ya saratani. Ikajaribiwa kwa dozi ndogo za mara moja kwa wiki, na majaribio ya miaka ya 1980 yakathibitisha kwamba inasaidia. Kilichowaongoza watu hawa wote ni kumtazama mgonjwa kwa makini. Walichokosa ni namna ya kujua, kabla ya kumpa mtu dawa, ni kitu gani hasa kinachowasha moto ndani ya kiungo.

Hapo ndipo Feldmann anapoingia. Alizaliwa 1944 katika mji ambao leo ni Lviv, Ukraine. Familia yake ikahamia Ufaransa na baadaye Australia, akasomea udaktari Melbourne na kubobea katika elimu ya kinga kabla ya kwenda London. Mwaka 1983, pamoja na Gian Franco Bottazzo na wenzao, alitoa katika jarida la The Lancet nadharia iliyotokana na tezi ya shingoni, yaani thairoidi. Walisema seli za kawaida za tezi, zikichochewa na protini za ujumbe ambazo seli hutumiana, huanza kujionyesha kwa seli za kinga kana kwamba ni walinzi, na hivyo kuchochea shambulio lisilokoma. Protini hizo za ujumbe huitwa saitokini. Nadharia yenyewe haikumaliza fumbo la magonjwa haya, lakini ilimpa Feldmann swali lenye mpini: ikiwa saitokini ndizo zinazochochea moto, ipi kati yake inashika usukani? Thairoidi haikuwa mahali pazuri pa kulijibu, kwa kuwa ikishaharibika mgonjwa hupewa vidonge vya homoni na maisha yanaendelea. Alihitaji ugonjwa unaotesa, usio na tiba ya kuridhisha, na ambao tishu yake inapatikana. Baridi yabisi ilikuwa na sifa zote tatu.

Mwenzake alikuwa Maini, daktari bingwa wa viungo. Alizaliwa Ludhiana, Punjab, mwaka 1937, akakulia Uganda, ambako baba yake, Amar Maini, alikuwa meya wa kwanza wa Kampala. Cambridge ndiko alikosomea udaktari. Ushirikiano wao wa tangu katikati ya miaka ya 1980 ulijengwa kwenye Taasisi ya Kennedy ya magharibi ya London, iliyoanzishwa miaka ya 1960 kwa ajili ya utafiti wa magonjwa ya viungo na kuendeshwa zaidi kwa fedha za hisani. Nasisitiza jambo hili la mahali kwa sababu mara nyingi hupuuzwa. Maabara ilikuwa jirani na wodi. Mgonjwa alipofanyiwa upasuaji wa kubadilishiwa kiungo, utando uliotolewa haukutupwa. Ulipelekwa maabara, ukalainishwa kwa vimeng'enya hadi seli zikaachana, kisha seli hizo zikawekwa kwenye visahani zikiwa na kila aina iliyokuwamo kiungoni. Huko, bila kuchokozwa na chochote, ziliendelea kumwaga saitokini kwa siku kadhaa, kana kwamba bado zimo ndani ya goti. Ugonjwa ulikuwa umehamishiwa mezani ukiwa hai.

Wenye shaka walikuwa wengi, na shaka yao ilikuwa na mantiki. Katika visahani hivyo zilipatikana saitokini za kila namna, nyingi zikifanya kazi zinazofanana. Ukizuia moja, walisema, nyingine itashika nafasi yake na hutakuwa umefanya kitu. Kilichovunja hoja hiyo ni jaribio rahisi lililotangazwa 1989, ambalo jina la kwanza katika ripoti yake ni la Fionula Brennan, mtafiti wa kundi hilo. (Tuzo kubwa zilipokuja, Crafoord mwaka 2000 na Lasker 2003, zilikwenda kwa Feldmann na Maini.) Brennan na wenzake walitia kwenye visahani kingamwili inayonasa saitokini moja tu, TNF, ambayo wanasayansi wa New York walikuwa wameigundua 1975 wakati wakichunguza namna mwili unavyoua uvimbe wa saratani. Baada ya siku chache, saitokini nyingine yenye nguvu, interlukini-1, ambayo ndiyo iliyokuwa ikishukiwa zaidi kwa kula gegedu, ikashuka sana. Katika seli za viungo vilivyochakaa tu, haikuwa hivyo. Maana yake ni kwamba protini hizi hazikuwa umati usio na kiongozi. Zilikuwa na ngazi, na TNF ilikaa juu. Kazi zaidi ikaonyesha kwamba nyingine nazo hushuka TNF ikizuiwa.

Panya waliunga mkono. George Kollias na wenzake huko Ugiriki waliwatengeneza panya wenye jeni ya TNF ya binadamu inayofanya kazi kupita kiasi. Panya wale wakaugua viungo, na walipopewa kingamwili ya kuzuia TNF hawakuugua. Taasisi ya Kennedy nayo ilitibu panya waliokuwa wameshaanza kuvimba. Lakini panya huponywa na mengi yasiyomponya binadamu. Ikabidi kutafuta kingamwili inayofaa watu, na iliyokuwapo ilikuwa imetengenezwa kwa lengo jingine: kampuni ya Centocor ya Marekani, kwa kutumia kingamwili ya panya kutoka maabara ya Jan Vilček wa New York, ilitaka kutibu sepsisi, yaani maambukizi yanayoenea kwenye damu na kuangusha mwili mzima. Mwaka 1992 kingamwili hiyo ilitolewa kwa wagonjwa wa baridi yabisi katika Hospitali ya Charing Cross, London. Walikuwa watu 20, wote wakiwa wameshindwa na dawa zilizokuwapo. Katika wiki sita, idadi ya viungo vilivyovimba, ukichukua mgonjwa wa katikati, ilishuka kutoka 18 hadi 5. Dawa hiyo sasa inajulikana kama infliximab.

Kila daktari anajua kwamba mgonjwa aliyepewa dawa mpya na watu wenye matumaini hupata nafuu hata kama chupa ina maji matupu. Kwa hiyo lililofuata lilikuwa jaribio la wagonjwa 73 katika vituo vinne vya Ulaya, ambamo si mgonjwa wala daktari aliyejua nani amepewa nini. Matokeo yalichapishwa 1994. Waliopewa maji yasiyo na dawa, 2 kati ya 24 walipata nafuu ya kiwango kilichowekwa. Waliopewa dozi ndogo, 11 kati ya 25. Waliopewa dozi kubwa, 19 kati ya 24. Takwimu kama hizi hazihitaji mtaalamu wa kuzitetea. Zilimaliza ubishi kuhusu kama inafaa kuzuia saitokini moja. Ubishi uliobaki ni kuhusu maana yake, na huo ndio mzito zaidi.

Pingamizi la kwanza ni kwamba hii si tiba, ni kutuliza. Dozi moja ikiisha mwilini ugonjwa hurudi. Wagonjwa wa mwanzo wa London walirudiwa na maumivu baada ya wiki kadhaa. Ni kweli. Lakini anayelitoa pingamizi hilo Afrika Mashariki azikumbuke kwanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ambazo hazimwondoi mgonjwa virusi na bado zimewarudisha mamilioni mashambani, maofisini na kwa watoto wao. Kisha aangalie picha za eksirei. Katika jaribio kubwa lililofuata, lenye wagonjwa 428, infliximab pamoja na methotrexate zililinganishwa na methotrexate peke yake, na matokeo ya mwaka mmoja, yaliyotolewa 2000, yalionyesha kwamba kuliwa kwa mifupa karibu kulisimama kwa waliopata dawa zote mbili, hata kwa baadhi ya wale ambao maumivu yao hayakupungua sana. Dawa ya kutuliza maumivu haifanyi hivyo. Kilichozuiwa kilikuwa uharibifu wenyewe. Kwa mtu wa miaka 30 ambaye vidole vyake bado vimenyooka, tofauti kati ya kusimamisha uharibifu na kujua chanzo chake ni tofauti ya kielimu. Mkono wake unafanya kazi.

Pingamizi la pili ni la kisayansi zaidi, na mimi naliona ndilo lenye mafunzo. Kama TNF ni kiranja wa uvimbe, mbona kuizuia hakutibu magonjwa yote ya kinga kujishambulia? Kwa ugonjwa wa matumbo wa Crohn, kwa ugonjwa wa uti wa mgongo kukakamaa na kwa soriasisi ya ngozi, ilifaulu, tena sana. Kwa sepsisi, lile lengo la mwanzo la kampuni, ilishindwa. Kwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu ujulikanao kama maltipo sklerosisi, jaribio lililotangazwa 1999 lilionyesha kwamba wagonjwa waliozuiwa TNF walishikwa zaidi kuliko waliopewa dawa tupu. Baadhi ya wanaotumia dawa hizi huota kingamwili za ugonjwa mwingine kabisa, lupasi. Hata ndani ya baridi yabisi wako wasioitikia ipasavyo, na hao si wachache. Mtu anaweza kuona hapa udhaifu wa kazi ya Feldmann na Maini. Mimi naona kinyume chake. Magonjwa haya tumeyaweka katika kapu moja kwa sababu yote yanahusu kinga kumgeuka mwenyewe, lakini kufanana huko ni kwa mbali. Kilichojulikana kwenye utando wa kiungo kilikuwa kweli kwenye utando wa kiungo. Hakikuwa ahadi kuhusu ubongo, figo au damu. Waliodhani ni ahadi ndio waliokosea, na wagonjwa wa mishipa ya fahamu ndio waliolipa.

Somo hilo hilo linarudi kwa ukali zaidi kwenye kifua kikuu. TNF haikuumbwa ili itutese. Bakteria wa kifua kikuu akiingia mapafuni, mara nyingi mwili haumuui. Seli za kinga humzunguka na kumfungia ndani ya kijivimbe kidogo, na TNF ni sehemu ya kinachoshikilia ukuta huo. Mtu huweza kuishi hivyo hadi uzeeni bila kikohozi hata kimoja. Ukiondoa TNF, ukuta unaweza kubomoka. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waliripoti visa 70 vya kifua kikuu kwa watu waliopewa infliximab, vingi vikitokea ndani ya miezi michache ya mwanzo na zaidi ya nusu vikiwa nje ya mapafu. Kinachopaswa kutukosesha usingizi ni kwamba visa 64 kati ya hivyo vilitoka nchi ambako kifua kikuu ni haba. Na mwaka 2024 ilichapishwa habari ya binamu wawili wa Colombia waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza TNF: walikuwa watu wazima wenye afya kwa sehemu kubwa, ila kifua kikuu cha mapafu kiliwarudia mara kwa mara. Asili yenyewe ilikuwa imefanya jaribio, na jibu lake likawa lile lile.

Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa miaka ya 2021 hadi 2025. Kwa hiyo dawa iliyoonekana kuwa na hatari ndogo Ulaya haina hatari ile ile Mwanza au Kisumu. Hispania ilipoweka utaratibu wa kupima kila mgonjwa kabla ya kumpa dawa hizi na kumtibu aliyeambukizwa, visa vilishuka sana. Inawezekana, basi. Lakini hata kupima kwenyewe kuna mtego kwetu: kipimo cha ngozi huweza kubabaishwa na chanjo ya BCG wanayopewa watoto wetu wakizaliwa, na mgonjwa anayemeza steroidi anaweza kuonekana hana maambukizi kumbe anayo. Vipimo vya damu visivyobabaishwa na BCG vipo, ila ni ghali na havipo kila mahali. Na aliyekwisha kupimwa na kutibiwa Ulaya ni nadra kuambukizwa upya. Wetu anapanda daladala ile ile kesho yake.

Hapo linakuja pingamizi la tatu, ambalo wengi hulitaja kwanza: bei. Adalimumab, dawa nyingine ya kuzuia TNF iliyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2002, ilikuwa kwa miaka mingi dawa iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote duniani. Mwaka 2022 mauzo yake yalivuka dola bilioni 20, na Marekani wenye hataza walizuia washindani hadi 2023. Ulaya ilikuwa imeruhusu nakala ya infliximab kutoka Korea Kusini tangu 2013, na bei zikaanza kushuka. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza adalimumab kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kuingia kwenye orodha si kuingia kwenye stoo ya hospitali ya wilaya, na anayesema dawa hizi si za mkulima wa kawaida hasemi uongo. Lakini akiishia hapo atakuwa ameacha nusu ya ushahidi, tena ile nusu inayomfaa mkulima huyo.

Ushahidi wenyewe ni huu. Mwaka 2013 jaribio la Marekani na Kanada la wagonjwa zaidi ya 300 ambao methotrexate peke yake haikuwatosha lililinganisha njia mbili: kuongeza etanercept, dawa ghali ya kuzuia TNF, au kuongeza dawa mbili za zamani, sulfasalazine na hydroxychloroquine, ambayo ni ndugu wa karibu wa klorokwini tuliyoinywa kwa malaria. Ambao njia waliyoanza nayo haikuwafaa baada ya miezi sita walibadilishiwa. Mwishoni mwa mwaka, njia ya dawa za bei nafuu haikuwa duni kuliko ile ghali. Kabla yake, mwaka 2004, madaktari wa Glasgow walikuwa wametoa matokeo yanayonishangaza zaidi. Waligawa wagonjwa 110 makundi mawili. Kundi moja likapata huduma ya kawaida, jingine likaonwa kila mwezi, viungo vikahesabiwa, na dozi ikapandishwa kila uvimbe ulipobaki. Hawakutumia dawa za kuzuia TNF. Baada ya miezi 18, asilimia 65 ya waliofuatiliwa kwa karibu walikuwa hawana dalili za ugonjwa, dhidi ya asilimia 16 ya wengine. Kilichotofautisha makundi hayo ni mtu kuhesabu viungo vilivyovimba na kutoridhika hadi vipungue. Huo ndio utaratibu wa Taasisi ya Kennedy ukiwa umehamishiwa kliniki: usikisie, angalia kiungo, badilisha kulingana na unachokiona. Hauna hataza.

Lipo pingamizi la mwisho, linalosemwa kwa sauti ya chini: kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Lina historia. Uchunguzi uliofanyika vijijini Nigeria na kuchapishwa 1993 haukupata hata mgonjwa mmoja. Afrika Kusini, katika miaka ya 1970, ilionekana kwamba wanavijiji wa Kitswana waliugua kidogo sana, ilhali wakazi wa Soweto walikaribia viwango vya Ulaya. Nisomavyo mimi, takwimu za Soweto zinaibomoa dhana nzima ya kinga ya asili ya Mwafrika: watu wa asili ya karibu, mahali tofauti, ugonjwa tofauti. Lars Klareskog na wenzake wa Stockholm walionyesha 2006 kwamba mvutaji sigara mwenye nakala mbili za jeni fulani za kinga alikuwa na uwezekano wa mara 21 wa kupata aina kali ya ugonjwa huu kuliko asiyevuta na asiye na jeni hizo. Walidhani moshi hubadilisha protini mapafuni, na kinga ikaanza kuziona ngeni muda mrefu kabla kiungo hakijauma. Vumbi la migodini limehusishwa nao tangu uchunguzi wa wachimba makaa wa Wales miaka ya 1950. Miji yetu inakua, moshi na vumbi vinakua nayo. Kuegemea uchunguzi wa vijijini wa zaidi ya miaka thelathini iliyopita na kumwambia mama wa Temeke kwamba ugonjwa wake si wa kwetu ni kumdhulumu.

Je, wanaotafuta chanzo wamepitwa na wakati? Hapana, na sasa wanavuna. Tuzo ya Nobel ya tiba ya 2025 ilikwenda kwa Shimon Sakaguchi wa Japani na Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell kwa kueleza seli zinazoizuia kinga isimle mwenyewe. Huko Erlangen, Ujerumani, kundi la Georg Schett liliripoti 2022 kwamba wagonjwa watano wa lupasi kali walitulia baada ya seli zao wenyewe za kinga kurekebishwa maabara ili ziue zile zinazotengeneza kingamwili. Na majaribio ya 2024 yalionyesha kwamba dawa iitwayo abatacept inaweza kuchelewesha baridi yabisi kwa watu wenye dalili za awali katika damu, kabla ugonjwa haujashika. Tazama, hata hivyo, ni nani walioingizwa katika majaribio hayo: watu wa Ulaya, wenye maambukizi ya Ulaya. Kila hatua ya kuisogeza dawa karibu na mzizi wa kinga inaongeza umuhimu wa kujua kinga hiyo imeishi na nini. Ya kwetu imeishi na kifua kikuu, malaria na minyoo. Utando unaotolewa katika upasuaji wa magoti Muhimbili au Nairobi una majibu ambayo visahani vya London haviwezi kuwa nayo.

Wizara za afya zinaweza kuanza na lililo ndani ya uwezo: methotrexate na hydroxychloroquine zisikosekane hospitali za wilaya, pamoja na kipimo cha damu na cha ini cha kumfuatilia anayezitumia, na daftari moja la kuandika viungo vilivyovimba kila mgonjwa anaporudi. Nawe msomaji, vifundo vya vidole vikivimba pande zote mbili na kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya saa, na hali hiyo ikipita wiki sita, usikubali kurudishwa nyumbani na dawa ya maumivu pekee; omba upimwe. Ukiandikiwa methotrexate, mwambie daktari kama una mimba au unaitarajia, kwa sababu humdhuru mtoto tumboni. Na humezwa mara moja kwa wiki, siku ile ile. Anayeimeza kila siku kwa kudhani anaharakisha kupona anaweza kufa.